Madini Joto na Mtoto Aliye Tumboni: Kwa Nini Tusingoje Kliniki

Haya ni maelezo yaliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za diakonia za sharika. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa, kwa ajili ya kamati ambazo hazikuweza kufika na kwa ajili ya marafiki wanaotuunga mkono kutoka mbali.



Nimepewa dakika 40 kuzungumzia kifungu kimoja tu cha rasimu ya mpango wetu wa lishe, kile kinachohusu chumvi yenye madini joto. Rasimu inasema msaada huo uelekezwe kwa akina mama wajawazito wanaohudhuria kliniki. Sababu za pendekezo hilo zinaeleweka. Wajawazito wa kliniki wanahesabika, wana kadi, na taarifa ya robo mwaka inaandikika bila taabu. Hata hivyo, naomba kamati zilitazame upya jambo hili kabla hatujapiga kura mchana. Sababu yangu inatokana na mambo yanayotendeka ndani ya seli za mtoto ambaye bado hajazidi ukubwa wa punje ya haragwe, ambaye mara nyingi hata mama yake hajamwambia mtu kwamba yupo.

Kwa hiyo naomba mnivumilie kwa sayansi kidogo. Nitajitahidi nisigeuze semina kuwa darasa la kidato cha sita, lakini bila kuielewa sehemu hii tutabaki kupiga kura kwa mazoea.

Barua na msomaji wake

Wengi wetu tunaijua tezi ya thairoidi kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wazee wa Nyanda za Juu Kusini waliuona kwa watu wengi sana katika ujana wao. Tezi hiyo iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Kazi yake ni kuchukua madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni. Homoni kuu inaitwa thairoksini, nayo ina chembe nne za madini joto, ndiyo maana madaktari huiita T4. Mkemia Mmarekani Edward Kendall aliitenga kwa mara ya kwanza siku ya Krismasi ya mwaka 1914. Mwaka 1952, Jack Gross na Rosalind Pitt-Rivers, wakiwa London, walieleza homoni ya pili yenye chembe tatu tu, T3. Hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Tunaweza kusema T4 ni homoni ya safari na akiba, na T3 ni homoni ya kazi. Ubongo wenyewe una kimeng'enya kinachong'oa chembe moja ya madini joto kutoka kwenye T4 ili kupata T3 pale pale inapohitajika.

Mabango mengi ya afya huishia hapo: madini joto yanatengeneza homoni, homoni inajenga ubongo. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Homoni ni kama barua, na barua haijengi nyumba. Lazima awepo mtu wa kuipokea, kuisoma na kutoa amri. Huyo msomaji anaitwa kipokezi, na hakufahamika kwa jina hadi mwaka 1986.

Habari ya kupatikana kwake inafurahisha, maana ilianzia kwa kuku. Kuna kirusi kinachosababisha saratani ya damu kwa kuku, na wanasayansi walikuwa wameona kwamba kirusi hicho kimebeba jeni iliyoibwa kutoka kwa kuku mwenyewe. Walitaka kujua jeni hiyo ilikuwa na kazi gani kabla ya kuibwa. Mwaka huo wa 1986 makundi mawili, moja la Björn Vennström huko Ujerumani na lingine la Ronald Evans huko California, yalitoa jibu moja kwa wakati mmoja: jeni hiyo inatengeneza kipokezi cha homoni ya thairoidi. Waliokuwa wanatafuta saratani ya kuku wakajikuta wameshika ufunguo wa ukuaji wa wanyama wote wenye uti wa mgongo, kuanzia samaki na vyura hadi kuku, panya na sisi wenyewe.

Kipokezi hiki hakikai juu ya ngozi ya seli kama vipokezi vingine vingi. Kinakaa ndani kabisa, kwenye kiini cha seli, kimeshikamana na vinasaba. Binadamu anazo jeni mbili za vipokezi hivi. Moja iko kwenye kromosomu ya 17 nayo huitwa alfa, nyingine iko kwenye kromosomu ya 3 nayo huitwa beta. Alfa huonekana mapema mno. Katika yai la kuku ipo hata kabla kifaranga hajaanza kuwa na ubongo. Beta huja baadaye na huwa na sehemu zake maalumu, hasa sikio la ndani na jicho. Panya wasio na beta ni viziwi, na macho yao hayana seli zinazotambua rangi ya kijani.

Mtunza stoo asiye na hati

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niombe nafasi hii.

Kwa kawaida tungefikiri kwamba kipokezi kisicho na homoni kimekaa tu kikisubiri, kama mtu aliyekaa kituoni akingoja basi. Sivyo. Mfikirieni mtunza stoo ya usharika. Asipoletewa hati, hasinzii. Amefunga mlango, ameketi mbele yake, na hata gunia moja la mahindi halitoki. Hati ikifika, mtu yule yule aliyefunga ndiye anayefungua. Kipokezi cha homoni ya thairoidi kinafanya hivyo hivyo. Kikiwa kitupu, kinaita protini nyingine zije kuifunga jeni iliyo mbele yake isifanye kazi. Homoni ikiingia, kinabadili umbo, kinazifukuza protini zile na kuita nyingine za kufungua.

Tofauti kati ya kusubiri na kufunga ni kubwa, na imepimwa. Mwaka 1999 watafiti wa Uswidi walieleza habari za panya waliozaliwa bila kipokezi chochote cha homoni hii, si alfa wala beta. Ungetazamia wafe. Hawakufa. Walikuwa na kasoro nyingi, lakini waliishi. Ilhali panya wenye vipokezi vyote lakini wasio na homoni, kwa sababu tezi yao haikuumbika vizuri, hufa wiki chache baada ya kuzaliwa. Kisha mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa waliwachukua panya hao wasio na homoni wakawaondolea na kipokezi alfa. Wakaishi! Yaani mnyama aliyekosa barua na msomaji kwa pamoja alikuwa na nafuu kuliko yule aliyekosa barua tu. Mtunza stoo akiondoka, mlango unabaki umeegeshwa na kitu kidogo kinatoka. Akibaki bila hati, hakitoki kitu.

Kwa watu pia kuna ushahidi. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walieleza habari za mtoto wa kike wa miaka sita aliyekuwa mfupi, mzito kukua na mwenye shida ya choo, dalili zote za mtu aliyekosa homoni. Lakini vipimo vya damu yake vilikuwa karibu na kawaida. Homoni ilikuwepo. Kipokezi chake alfa ndicho kilichokuwa na kasoro: kilishindwa kuipokea, kikabaki katika hali ya kufunga.

Kwa nini Mwenyezi Mungu aliweka mlinzi mkali namna hii? Jibu zuri linatoka kwa viluwiluwi, wale wa kwenye madimbwi yetu ya masika. Mwaka 1912 mtafiti aitwaye Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya thairoidi ya farasi. Wakageuka vyura kabla ya wakati, vyura wadogo mno. Miaka minne baadaye, huko Marekani, Bennet Allen aliwatoa viluwiluwi tezi yenyewe. Wakakua, wakakua, wakawa viluwiluwi wakubwa ajabu, lakini hawakuwa vyura. Hivyo homoni ndiyo inayotoa amri ya kugeuka. Na kipokezi kitupu? Mwaka 2015 watafiti walitengeneza viluwiluwi wasio na kipokezi alfa, na miguu yao ya nyuma ilianza kuota mapema kuliko kawaida. Maana yake, kabla homoni haijafika, kipokezi kilikuwa kinamzuia kiluwiluwi asiharakishe, kikimpa muda wa kula na kukua kwanza. Ni mlinzi wa saa. Hata gayogayo, yule samaki bapa ambaye jicho lake moja huhama na kwenda upande wa pili, huhamisha jicho hilo kwa amri ya homoni hii hii.

Kiluwiluwi akicheleweshewa amri, bado ana dimbwi na ana muda. Mtoto wa binadamu hana dimbwi la kungojea. Seli za ubongo wake zina wiki zake za kuzaliwa, za kuhama kwenda mahali pake na za kuunganishwa. Wiki hizo zikipita mlango ukiwa umefungwa, hati ya kesho yake inafika kwenye stoo ambayo wajenzi wameshaondoka.

Miezi ambayo mtoto anakula kwa mama

Tezi ya mtoto huanza kuumbika mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa mimba, lakini haiwezi kutengeneza homoni hadi kati ya wiki ya 10 na ya 12, na inachukua hadi karibu nusu ya mimba kabla haijafanya kazi ya maana. Wakati huo vipokezi vimeshafika. Katika ubongo wa kijusi vimepimwa kufikia wiki ya 10. Msomaji yuko kazini, na mwandishi wa barua wa nyumbani hajaanza kazi. Barua zote za kipindi hicho zinatoka kwa mama.

Jambo hili lilibishaniwa kwa muda mrefu. Wataalamu wengi walifundisha kwamba homoni ya mama haivuki kondo la nyuma. Aliyeonyesha vinginevyo ni mama mmoja wa Madrid, Gabriella Morreale de Escobar, ambaye pamoja na wenzake walipima katika miaka ya 1980 na kuikuta homoni ya mama ndani ya vijusi vya panya kabla tezi zao hazijaanza kazi. Mwaka 1989 madaktari wa Uholanzi walipima damu ya kitovu ya watoto wachanga ambao miili yao haikuweza kabisa kutengeneza homoni. Waliikuta imo, kati ya robo na nusu ya kiwango cha kawaida, nayo isingeweza kutoka kwingine isipokuwa kwa mama. Mkitaka mfano wa nyumbani, kuku hufanya vivyo hivyo. Kabla hajalitaga yai ameshaweka homoni yake ndani ya kiini cha yai, na kifaranga anaitumia kabla tezi yake haijaamka.

Kwa hiyo mama mjamzito anatengenezea watu wawili, na tezi yake inatakiwa kuongeza kazi kwa karibu nusu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mjamzito 250. Ni kiasi kidogo mno. Nilipiga hesabu: mtu akipata 150 kila siku kwa miaka 60, jumla haifiki gramu nne, hata kijiko cha chai hakijai. Lakini mwili hauwezi kukitengeneza hicho kidogo, na nyongeza ya mjamzito huchotwa kwanza kwenye akiba iliyo shingoni. Mtu mzima mwenye lishe nzuri ana miligramu 15 hadi 20 za madini joto mwilini, sehemu kubwa ikiwa ndani ya tezi. Akiba hiyo hujengwa kabla ya mimba. Msichana aliyeingia kwenye ndoa na akiba tupu hawezi kuijaza kwa kikombe cha chumvi alichopewa mwezi wa tano.

Hapa naomba tulisikilize jaribio moja kutoka Papua New Guinea, kwenye milima ya ndani, bonde la Jimi. Mwaka 1966 baadhi ya wanawake walichomwa sindano ya mafuta yenye madini joto, na wengine sindano isiyo nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Kati ya watoto 534 wa akina mama ambao hawakupata madini joto, 26 walizaliwa na ulemavu mzito wa akili na mwili, wengi wao wakiwa na uziwi. Kati ya watoto 498 wa waliopata, walikuwa saba. Tofauti hiyo peke yake inatosha kutushawishi kuhusu madini joto. Lakini tazameni hao saba. Sita kati yao, mama zao walikuwa tayari ni wajawazito siku ya sindano.

Narudia: sita kati ya saba. Dawa ilikuwa sahihi, mama alikuwa sahihi, siku ndiyo iliyokuwa imepita.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Waliopendekeza kliniki wana hoja, na ushahidi wake upo. Huko Xinjiang, China, madaktari waliwapa wajawazito madini joto kwa nyakati tofauti na kuchapisha matokeo mwaka 1994. Watoto ambao mama zao walipata katika miezi sita ya kwanza walikuwa na matatizo ya wastani au makubwa ya neva kwa asilimia 2. Waliopata katika miezi mitatu ya mwisho, au baada ya kuzaliwa, ilikuwa asilimia 9. Kwa hiyo kumpa mama katika mwezi wa nne kunasaidia, na hakuna anayesema tumnyime. Lakini sote tunajua hali ya vituo vyetu. Akina mama wengi hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imeshapita miezi mitatu, na wengine mitano. Wale wa mitaa ya mbali, wanaotembea kutwa nzima, ndio wanaochelewa zaidi, na ndio hao hao wanaonunua chumvi ya mawe isiyo na madini joto kwa kuwa ni rahisi.

Hali ya kwetu

Udongo wa milimani una upungufu wa madini joto kwa sababu mvua za karne nyingi zimeyaosha na kuyapeleka baharini. Chakula kinachoota juu ya udongo huo, kiwe kingi na kizuri namna gani, kinakuwa na upungufu ule ule. Mihogo isiyoandaliwa vizuri huongeza tatizo, maana sumu yake ikivunjwa mwilini hutoa kemikali inayoizuia tezi kuchukua madini joto. Hilo lilichunguzwa sana katika kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, kwa jirani zetu wa Kongo. Kuloweka na kukausha kama bibi zetu walivyofundisha hupunguza sumu hiyo, na pale penye madini joto ya kutosha mihogo haina neno.

Nchini Tanzania, kati ya mwaka 1986 na 1995, Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na rovu nyingi. Katika miaka ya 1990 zikaja kanuni za kuweka madini joto kwenye chumvi. Mwaka 2009 wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, walichapisha utafiti uliolinganisha watoto waliokuwa tumboni wakati vidonge vimeshagawiwa na wale ambao hawakubahatika, hata ndugu wa nyumba moja. Waliobahatika walikuwa wamesoma zaidi kwa wastani wa theluthi hadi nusu ya mwaka, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Ni haki niseme pia kwamba watafiti wengine waliirudia hesabu hiyo baadaye wakaona si imara kiasi hicho. Mimi sitegemei hoja yangu juu ya nusu mwaka wa shule. Nategemea wale 26 na saba wa bonde la Jimi, na kazi ya kipokezi, ambavyo havikutikiswa.

Tatizo letu la leo haliko kwenye kanuni. Chumvi yetu hutoka kwenye mashamba ya pwani, kule Tanga, Bagamoyo, Lindi na Mtwara, na kwenye maji ya chumvi ya Uvinza. Wazalishaji wakubwa wana mashine. Wadogo, wanaovuna kwa koleo na kuuza kwa gunia, mara nyingi hawana, na gunia hilo linapanda lori moja kwa moja hadi gulio letu. Tena hata chumvi iliyowekewa madini joto hupoteza sehemu yake ikikaa wazi juani au kwenye unyevu. Nimeona mara nyingi pakiti zikiwa zimepangwa nje ya duka, jua la saa sita linazipiga, na kando yake gunia la chumvi ya mawe limefunguliwa mdomo. Mama mwenye shilingi chache atachagua nini?

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kwamba kifungu kiandikwe upya, kwa kaya zote za usharika badala ya wajawazito wa kliniki pekee, na msisitizo uwe kwa wasichana: darasa la kipaimara, kwaya za vijana, wanafunzi wa sekondari. Hao ndio mama wa miaka michache ijayo, na akiba yao inajengwa sasa. Fedha zilizotengwa kununulia chumvi ya kugawa zitumike badala yake kwa mambo mawili. La kwanza ni vipimo vya matone. Ni chupa ndogo. Unadondosha tone kwenye chumvi, ikigeuka zambarau madini joto yamo, ikibaki nyeupe hayamo. Kila mtaa uwe na chupa moja na mtu mmoja anayepita madukani na gulioni kila mwezi, kwa adabu, bila kugombana na wenye maduka. La pili ni kuvisaidia vikundi vya akina mama kununua kwa jumla chumvi iliyopimwa na kuiuza rejareja kwa bei inayoshindana na ya mawe.

Zipo hofu tatu nilizozisikia kwenye chai ya saa nne, na ni vizuri kuzijibu hapa. Ya kwanza ni shinikizo la damu. Hatumwambii mtu aongeze chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka tusizidi gramu tano kwa siku, na gramu tano za chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo zinatoa mikrogramu 150 kamili. Ni chumvi ile ile, kiasi kile kile au pungufu. Ya pili ni kwamba madini joto yakizidi yanadhuru. Ni kweli, yanaweza, na kijusi chenyewe kimewekewa ulinzi: kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachovunja homoni iliyozidi. Kwa viwango vya chumvi ya kawaida hatari hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na upungufu. Aliye na ugonjwa wa tezi tayari afuate maelekezo ya daktari wake.

Ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini, nami nitaijibu kwa sauti ya kawaida. Mzee mmoja aliuliza kama habari hizi hazitawaumiza mama ambao tayari wana watoto wenye ulemavu. Zinaweza kuwaumiza, tukizisema ovyo. Mama hakuona rovu lolote, hakujua ana mimba, na duka lililokuwa karibu liliuza chumvi ile iliyokuwepo. Hakuna kosa lake hapo. Wala hakuna uchawi, wala laana ya ukoo, maneno ambayo bado tunayasikia misibani. Na si kila ulemavu wa mtoto unatokana na madini joto. Sababu ni nyingi. Wainjilisti, nawaomba mnapokwenda majumbani mlitangulize hilo kabla ya habari ya chumvi.

Kwa marafiki wetu wa mbali nina neno moja. Mkikubaliana nasi, taarifa zetu zitakuwa na picha chache. Mtoto ambaye hakupata madhara hapigiki picha akiwa tofauti na wengine. Tutakachowaletea ni majedwali ya maduka: mangapi yalipimwa, chumvi ngapi ziligeuka zambarau, mtaa upi umebaki nyuma. Pia tutawaandikia pale ambapo vikundi vimeshindwa kuuza, maana najua vipo vitakavyoshindwa katika miezi ya njaa, Januari hadi Machi.

Fomu za kuorodhesha maduka na magulio ziko mezani kwa Katibu. Kila usharika uchukue mbili, moja ya mitaa ya karibu na barabara na moja ya mitaa ya ndani, kwa sababu bei hazilingani. Zirudishwe kabla ya kikao cha Halmashauri ili tuone jumla ya vipimo vinavyohitajika. Sasa nipo tayari kwa maswali, na namwona mama wa usharika wa bondeni ameshanyoosha mkono. Nadhani ni kuhusu mihogo.